Mchanga, diski, mapovu au utando: kuchagua njia ya kuondoa mikroplastiki katika maji taka

Mhandisi wa mamlaka ya maji, au msimamizi wa kiwanda cha nguo, anayetaka kuondoa mikroplastiki kabla maji taka hayajaachiwa mtoni, hupokea kutoka kwa wauzaji wa mitambo maelezo yenye asilimia zinazokaribiana mno: 95, 97, 98.5, 99.9. Kwenye karatasi tofauti hizo ni ndogo, ilhali gharama za kujenga na kuendesha mitambo yenyewe zimeachana sana. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo, na pia kwa mwanafunzi au mtaalamu wa maabara aliyepewa kazi ya kupima ni njia ipi inayofaa katika mtambo fulani.

Majaribio ninayoyaegemea zaidi yalifanyika Ufini, na mtafiti Julia Talvitie na wenzake wakayachapisha mwaka 2017. Walizipima njia nne katika miji minne kwa utaratibu mmoja wa kuchukua sampuli: maji yalipitishwa kwenye wavu wa mikromita 300 (mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita), kisha wa 100, kisha wa 20, na kilichonaswa kikachunguzwa. Tena yalikuwa maji taka halisi ya mijini. Majaribio mengi mengine hutumia maji safi yaliyotiwa punje za plastiki maabarani, na maji ya namna hiyo hayana mafuta, nywele, karatasi wala bakteria wanaoufanya mtambo wa kweli uwe mgumu kuendesha.

Tunapoanzia

Mikroplastiki ni vipande vya plastiki vyenye ukubwa usiozidi milimita 5. Katika maji taka mara nyingi sehemu kubwa ni nyuzi zinazochomoka kwenye nguo za poliesta, nailoni na akriliki wakati wa kufua. Majaribio yaliyochapishwa Uingereza mwaka 2016 yalionyesha kwamba kufua kilo 6 za nguo za akriliki kunaweza kutoa nyuzi zaidi ya 700,000 kwa mara moja. Mwaka huo huo watafiti waliripoti kwamba sangara na sato walionunuliwa Mwanza walikuwa na plastiki tumboni, samaki mmoja kati ya kila watano kwa kila aina. Kwa hiyo jambo hili haliko mbali na sahani zetu.

Mtambo wa kawaida wenye matangi ya kutuamisha na hatua ya bakteria, yaani tangi ambamo bakteria hula uchafu, huondoa plastiki nyingi bila hata kukusudiwa. Katika mtambo mmoja wa Glasgow, Uskoti, unaohudumia watu wapatao 650,000, chembe zilipungua kutoka 15.7 hadi 0.25 kwa lita, yaani zaidi ya asilimia 98. Hata hivyo maji yanayopita humo ni mengi kiasi kwamba chembe hizo chache kwa lita zilifikia takribani milioni 65 kwa siku. Njia ninazozilinganisha zinashughulika hasa na masalio hayo. Pale ambapo matangi ya mwanzo yamejaa tope na nusu ya maji taka yanapita pembeni, hakuna chujio la mwisho litakaloziba pengo hilo, na fedha ziende kwanza kwenye matangi.

Vigezo

Kila njia nitaitazama kwa maswali yale yale. La kwanza ni kiasi cha plastiki kinachoondolewa, ambacho asilimia peke yake haikielezi: lazima ijulikane maji yaliingia na chembe ngapi, yakatoka na ngapi, na chembe za ukubwa gani hazikuhesabiwa kabisa. La pili ni aina ya maji ambayo njia hiyo inahitaji kupokea. La tatu ni umeme, dawa na ustadi wa mafundi. La nne, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalopuuzwa kuliko yote, ni mahali zinapokwenda plastiki zilizonaswa. Hakuna hata moja kati ya njia hizi inayoimaliza plastiki. Zote huitoa kwenye maji na kuiweka kwenye tope, na tope likipelekwa shambani kuwa mbolea, plastiki huenda nalo.

Chujio la mchanga

Huko Turku, katika mtambo wa Kakolanmäki, maji yaliyokwisha kupita hatua ya bakteria hushuka kupitia kitanda cha kokoto na mchanga wa kwatzi. Yaliingia na chembe 0.7 kwa lita na kutoka na 0.02, sawa na asilimia 97. Mchanga hauzuii plastiki kwa matundu pekee. Chembe hukwama kwenye pembe za punje, nyingine hugandamana na uchafu uliokwisha kunaswa, na dawa ya kugandisha, inayounganisha uchafu kuwa mabonge, ikitiwa kabla ya chujio kazi huwa bora zaidi.

Maji ya kuingilia yanapaswa kuwa yametulia vizuri. Yakija na tope jingi au mwani, kitanda huziba mapema na kulazimika kuoshwa mara kwa mara kwa maji yanayosukumwa kinyume, kutoka chini kwenda juu. Umeme unaotumika ni mdogo, kwa kuwa maji hushuka kwa uzito wake mwenyewe, na mafundi wengi wa mamlaka zetu tayari wanayajua machujio haya kutokana na mitambo ya maji ya kunywa. Hilo si jambo dogo, kwani chujio ambalo fundi wa zamu anajua kulifungua, kulisafisha na kulirudisha litafanya kazi miaka mingi. Maji yaliyoliosha kwa kawaida hurudishwa mwanzo wa mtambo, na humo plastiki hupata nafasi ya pili ya kutuama pamoja na tope.

Njia hii inawafaa wenye mtambo ambao hatua zake za awali zinafanya kazi vizuri na wenye eneo la kutosha, lakini wasio na uhakika wa umeme wala wa vipuri kutoka nje.

Chujio la diski

Hapa majaribio yalileta jambo linalostahili kutazamwa kwa makini. Chujio la diski ni mfululizo wa magurudumu yaliyofunikwa kitambaa laini cha wavu, yaliyozama nusu ndani ya maji na kuzunguka polepole huku yakioshwa kwa vinyunyizio vyenye nguvu. Katika mtambo wa Viikinmäki, Helsinki, chujio la majaribio lilipimwa likiwa na kitambaa cha matundu ya mikromita 20, na pia likiwa na cha mikromita 10. Mtu yeyote angetarajia matundu madogo yanase zaidi. Kitambaa cha mikromita 20 kilishusha chembe kutoka 2.0 hadi 0.03 kwa lita, asilimia 98.5. Kile cha mikromita 10 kilizishusha kutoka 0.5 hadi 0.3 tu, asilimia 40.

Matokeo hayo hayamaanishi kwamba wavu wenye matundu makubwa ni bora kuliko wenye madogo. Maji yaliyoingia siku za jaribio moja yalikuwa na chembe mara nne ya yale ya jaribio la pili, na chembe zinapokuwa chache, chache tu zinazoponyoka hubadilisha asilimia nzima. Aidha, kitambaa chenye matundu madogo huziba haraka, huoshwa mara nyingi zaidi kwa shinikizo kubwa, na kila kinapooshwa ni nafasi ya kitu kupenya. Nyuzi nazo zina tabia yake: uzi wa poliesta wenye urefu wa milimita 1 unaweza kuwa na unene wa mikromita kumi na kitu tu, na ukija kwa kichwa hupita kwenye tundu ambalo ungelidhani litauzuia. Muuzaji anayetaja ukubwa wa matundu peke yake hajaeleza chujio lake litanasa nini.

Kwa upande wa maji ya kuingilia, diski inahitaji maji yaliyopita hatua ya bakteria, na mara nyingi dawa ya kugandisha pia. Umeme wake ni mdogo na nafasi inayochukua ni ndogo kuliko ya mchanga, jambo ambalo ni faida kubwa mjini. Udhaifu wake uko kwenye vitambaa, ambavyo hupasuka, huhitaji kuoshwa kwa kemikali mara kwa mara, na lazima vibadilishwe kwa vipya vinavyotoka kiwandani kwake. Ikumbukwe pia kwamba kitambaa chenyewe kwa kawaida ni cha poliesta, kwa hiyo anayepima atumie pia maji safi yasiyo na plastiki ili ajue chujio linaongeza nyuzi ngapi zake lenyewe. Uchafu ulionaswa hurudi mwanzo wa mtambo, kama ilivyo kwa mchanga.

Inawafaa wenye mtambo uliobanwa na majengo, walio na mkataba wa kuaminika wa vipuri, na walio tayari kupima kwa muda mrefu kabla ya kukiamini kiwango walichoahidiwa.

Mapovu ya hewa

Hewa hushindiliwa ndani ya maji, kisha shinikizo huachiwa na mapovu madogo sana kuzaliwa, kama soda inapofunguliwa. Mapovu hujishikiza kwenye uchafu na kuupandisha juu, nao hukwanguliwa kama povu la maziwa. Katika mtambo wa Paroinen huko Hämeenlinna, ambako pia hutiwa kloridi ya polialumini, ndugu wa karibu wa shabu ambayo watu wengi wameitumia kutuliza tope kwenye ndoo, chembe zilishuka kutoka 2.0 hadi 0.1 kwa lita, asilimia 95.

Polietilini na polipropilini ni nyepesi kuliko maji na hupanda kwa urahisi. Poliesta ina uzito wa karibu mara 1.38 ya maji na kwa hali yake huzama, kwa hiyo haiwezi kuelea mpaka dawa iifunge pamoja na uchafu mwingine na mapovu yalibebe bonge zima. Dawa ikikosekana kwa wiki moja, mtambo huu hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake, na umeme wa kushindilia hewa hauwezi kukatika bila kazi kusimama.

Asilimia yake ndiyo ndogo zaidi ukiyaweka kando matokeo ya kitambaa cha mikromita 10, na ingekuwa rahisi kuipita haraka. Lakini mabwawa ya kusafishia maji taka, kama yale ya Dandora kwa Nairobi au ya Vingunguti kwa Dar es Salaam, hutoa maji ya kijani yaliyojaa mwani. Mwani huo huziba mchanga, huziba kitambaa, na hauna faida yoyote kwenye utando. Mapovu, kinyume chake, yanajulikana kwa muda mrefu kuwa hodari wa kuondoa mwani, kwa sababu mwani ni mwepesi na hauna haraka ya kuzama. Kwa hiyo njia inayoonekana ya mwisho katika matokeo ya Ufini inaweza kuwa ndiyo inayostahili kujaribiwa kwanza katika mji unaotegemea mabwawa. Povu linalokwanguliwa lina faida nyingine: plastiki imekusanyika mahali pamoja, tofauti na tope la chini, na mtu anaweza kuamua kulitenga lisiende shambani.

Tangi la bakteria lenye utando

Hapa hatua ya bakteria na hatua ya kuchuja huwekwa ndani ya tangi moja. Maji hufyonzwa kupitia utando wenye matundu madogo kuliko mikromita moja, na tope lote hubaki ndani. Katika mtambo wa majaribio huko Mikkeli, maji yaliingia na chembe 6.9 kwa lita na kutoka na 0.005, asilimia 99.9.

Namba hiyo ndiyo inayonukuliwa mara nyingi zaidi, na ndiyo inayohitaji kusomwa kwa utulivu zaidi. Utando ulipokea maji yaliyopita hatua ya kwanza tu, ile ya kutuamisha, ilhali mchanga, diski na mapovu yalipokea maji ambayo bakteria walikwisha kuyasafisha. Anayeanza na chembe 6.9 ana nafasi pana ya kuonyesha asilimia kubwa kuliko anayeanza na 0.7. Ulinganisho wa haki kwa utando ni dhidi ya hatua ya bakteria pamoja na chujio lake la mwisho, vyote viwili. Jaribio jingine la mji huo huo, lililochapishwa mwaka 2018, liliupima utando sambamba na mtambo wa kawaida: utando ulitoa chembe 0.4 kwa lita na mtambo wa kawaida 1.0, asilimia 99.4 dhidi ya 98.3. Mji ni mmoja na aina ya mtambo ni moja, lakini namba ya mwisho ilipishana karibu mara themanini na ile ya kwanza. Sishuku uaminifu wa upande wowote. Ninachojifunza ni kwamba namba za jaribio moja hazihamishiki kwenda jingine bila kuangalia wavu uliotumika na nyuzi zilivyohesabiwa.

Hata hivyo, kwa maji yanayotoka, utando ndio ulioshuka chini zaidi katika majaribio ya 2017, na unaleta faida nyingine: bakteria wengi wa magonjwa nao huzuiwa, na maji yanaweza kutumika tena viwandani au kumwagilia. Gharama yake ni hewa inayopulizwa mfululizo kuzuia utando usizibe. Mtambo wa kawaida hutumia takribani nusu kilowati-saa kwa kila mita ya ujazo, na wa utando mara nyingi hukaribia au kupita kilowati-saa 1. Unahitaji fundi anayeelewa shinikizo, kemikali za kuosha na dalili za kuziba. Plastiki yote iliyozuiwa hubaki kwenye tope.

Unawafaa wanaojenga mtambo mpya, wenye eneo dogo, wanaotaka kuuza au kutumia tena maji, na wenye umeme wa uhakika. Kuuongeza nyuma ya mtambo wa zamani unaofanya kazi ni gharama isiyo na sababu ya kutosha iwapo lengo ni mikroplastiki peke yake.

Njia ya umeme

Kugandisha kwa vipande vya chuma vinavyopitishwa umeme kunatajwa sana. Jaribio la mwaka 2018 liliondoa zaidi ya asilimia 99 ya punje za polietilini kwenye maji yaliyotengenezwa maabarani. Punje hizo zilikuwa za mikromita 300 hadi 355, kubwa mno zikilinganishwa na chembe zinazoponyoka mitamboni, na hazikuwa nyuzi. Ni njia ya kutia moyo kwa kiwanda kidogo, lakini bado haijafika mahali pa kuwekwa kwenye mizani moja na zile nne.

Kuchagua kulingana na hali

Chukua mtambo wa mita za ujazo 10,000 kwa siku na namba za mwisho za Ufini. Mchanga ungeachia chembe 200,000 kwa siku, diski ya mikromita 20 chembe 300,000, mapovu milioni 1, na utando 50,000. Lakini mchanga ulipokea maji ya chembe 0.7 na mapovu yalipokea ya 2.0. Kama mchanga ungepewa maji ya 2.0 na kushikilia asilimia 97 yake, ungeachia 600,000, na umbali kati yake na mapovu ungepungua sana.

Mamlaka yenye mtambo wa bakteria unaofanya kazi vizuri, eneo la kutosha na bajeti ya kawaida itaanza na mchanga. Iwapo eneo ndilo tatizo na vipuri vinapatikana, diski inastahili jaribio la miezi kadhaa lenye vitambaa vya aina zaidi ya moja. Mji wenye mabwawa ya kijani ujaribu mapovu, huku ukihesabu bei ya dawa ya mwaka mzima tangu mwanzo. Anayejenga upya na anayekusudia kutumia maji tena atazame utando, na aweke fedha za kubadilisha utando kwenye bajeti ya mwaka wa kwanza, asingoje uchakae.

Kiwanda cha nguo au dobi kubwa la hoteli liko katika hali ya pekee, kwa kuwa nyuzi zake zinatoka mahali pamoja na zikiwa nyingi. Hapo chujio dogo kwenye bomba la mashine, kabla nyuzi hazijachanganyika na maji taka ya mji, linaweza kunasa nyuzi nyingi zinazoweza kutupwa kwa usalama, jambo ambalo mtambo wa mji hauwezi kulifanya kwa sababu kwake nyuzi hizo zimekwisha kuwa tope.

Kwa anayepima mwenyewe, hesabu ya sampuli itangulie hesabu ya mtambo. Maji yenye chembe 0.02 kwa lita yanahitaji lita 50 ili kutarajia chembe moja tu, na ya 0.005 yanahitaji lita 200. Chupa ya lita moja ikirudi na sifuri, haijathibitisha lolote. Pitisha mamia ya lita, yanayoingia na yanayotoka siku hiyo hiyo. Vaa pamba badala ya poliesta, tumia vyombo vya kioo au chuma, na pima pia maji safi kwa vifaa vile vile, kwa sababu nyuzi za hewani na za nguo ya mpimaji huhesabika kama za mtambo. Kisha pima na tope, ili mwenye shamba atakayelipokea aambiwe kilichomo.